Ukurasa Aliousoma Prefe

Sitaanza na mahali alipozaliwa wala na ukoo wake. Kwanza, kwa miaka yote aliyonifundisha sikuvijua. Pili, Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, mtu mwenye akili hamwulizi jirani ukoo. Mwulize anaumwa nini, mwulize mke wake alimfuata nani Mbarara, atakueleza hata usiyotaka kusikia. Ukoo, hapana. Ukoo ndio uliotukimbiza wengi wetu, na tulipovuka mpaka tuliona heri tuuache hukohuko pamoja na mabati ya nyumba zetu.

Tulimwita Prefe. Kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, prefe ni mkuu wa shule ya sekondari, mtu ambaye akipita, hata wasiosoma wanazima sigara. Uganda cheo hicho hakipo. Hapa alikuwa mwalimu wa historia wa kusaidia tu, chini ya hedimasta Mnyankole ambaye angeweza kuwa mwanawe. Lakini cheo kilimfuata hadi kambini, Warundi nao wakakipokea, na hedimasta mwenyewe, akijisahau, alimwita Prefe kama sisi.

Alikuwa na koti moja la kahawia. Alilivaa jua likiwaka, alilivaa mvua ikinyesha, na katika mfuko wa ndani alikuwa na kalamu mbili, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kututia adabu. Chaki aliziweka katika kopo la nyanya. Alisahihisha juu ya ishirini kama kwetu, na hedimasta alilazimika kukaa kuzigeuza maksi zote ziwe juu ya mia, akinung'unika kwa Kinyankole. Ishirini kamili Prefe hakumpa mtu. Alisema ishirini ni ya Mungu na kumi na tisa ni ya mwalimu.

"Na siye?" nilimwuliza siku moja.

"Nyiye mushukuru kumi."

Neno lake lilikuwa preve, yaani ushahidi. Ukimletea habari yoyote, hata kwamba mvua imenyesha Kabingo, alikuuliza, "Preve iko fasi gani?" yaani iko wapi. Bombani mtu alitangaza kwamba wataongeza maharagwe, Prefe, ndoo mkononi, akauliza preve. Kuna kilio kimoja ambapo msemaji alimsifu marehemu kuwa hakuwahi kugombana na mtu maisha yake yote. Prefe, aliyekaa nyuma kabisa, akakohoa, akasema taratibu, "Preve?" Mjane ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashikwa, na nadhani kicheko kile kilimsaidia kuliko mahubiri.

Watu walimpenda na kumwogopa kwa sababu hiyohiyo. Hakuwa na upendeleo. "Historia haina shemeji," alisema. Msichana aliyetaka kuolewa, familia ya mvulana ilimtafuta Prefe awe msemaji wao siku ya kupeleka mahari, maana alichokisema hakikubishiwa. Sijui ni ndoa ngapi za kambi ile zilipita kinywani mwake. Hilo likumbuke, kwa sababu ndilo alilolipoteza.

Sasa habari ya shule ya ng'ambo. Ilikuwa shule katika mji wa bandari, mji uliotajirika zamani kwa meli za watumwa. Mitaa yao mpaka leo ina majina ya wafanyabiashara hao. Mwalimu wao wa historia, mwanamke tuliyemwita Madamu, alitafuta shule katika nchi za Maziwa Makuu ili watoto wa pande mbili wasome somo moja kwa wakati mmoja: utumwa na kukomeshwa kwake. Mara moja kila baada ya wiki mbili tulikwenda Base Camp, penye ofisi za kambi, kwenye chumba cha vijana chenye intaneti, tukakaa kwenye mabenchi, na wao wakatokea ukutani, weupe na weusi na wa rangi zote, kila mmoja na kiti chake. Mimi nilikuwa mkalimani. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha wenzangu, na niliringa sana kwa hilo, siwezi kukataa.

Prefe alikuwa akitufundisha somo hilo tangu zamani, kwa kijiti. Alichora Ziwa Tanganyika kwenye vumbi la uwanja wa mpira, kwa kichwa tu, na ghuba zake, kisha akatupanga. "Weye simama Ujiji. Weye Tabora. Riziki, simama Uvira, na usicheke, fasi yenye umesimama batu balilia." Alitwambia misafara ilivyopita, nani alikamata, nani aliuza, nani alinunua. Hakusema Waarabu basi akaishia hapo, wala Wazungu basi. Alisema, "Na kwetu kulikuwa wenye kununua. Majirani. Batu ba kanisa sasa." Akifika hapo sauti ilishuka, na alikuwa akikazia macho kijiti chake.

Siku moja Madamu alieleza kwamba wanafunzi wake walitembea mwendo mrefu, mikono imeunganishwa kwa kamba nyepesi, ili wahisi kidogo machungu ya msafara. Akauliza kama nasi tungependa kufanya matembezi kama hayo. Nikatafsiri. Prefe alitutazama benchi kwa benchi.

"Mwambie hawa batoto balishatembea."

Niliogopa kulisema, lakini nililisema. Kule ukutani Madamu aliweka kalamu chini, akanyamaza, halafu akaomba radhi, wala hakuongeza maneno. Nilidhani Prefe atamchukia. Kumbe njiani kurudi alisema, "Anajua kunyamaza. Ule ni mwalimu."

Hedimasta ndiye aliyegombana naye, kwa ajili ya swali moja la mtihani: utumwa ulikomeshwa lini? Sisi tuliandika mwaka, kama kitabu kinavyosema. Prefe alitupa nusu maksi sote. Darasa lilinuna, hedimasta akaja.

"Muzee, mtihani ya taifa nataka mwaka. Wewe naachia watoto nusu, wao napita namna gani?"

"Sheria ilitiwa saini ule mwaka, njo," Prefe akasema. "Sheria ilifika kwa meza ya gavana. Kwa jiko ya batu ilifika lini? Aniandikie ile, nampa ile nusu ingine."

"Hakuna mtu najua hiyo."

"Basi nusu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mkavu. Hata hivyo kulikuwa na jambo lake moja ambalo hatukulielewa, na wengine walimwita kwa ajili yake mtu asiye na heshima. Hakukubali kunawishwa mikono. Kwetu mgeni akikaa, mtoto au mama wa nyumba huja na birika na beseni, akapiga goti, akammiminia maji. Prefe akiona beseni alisimama. Alimnyang'anya mama wa watu birika, akatoka nje, akajimiminia mwenyewe, maji yakamwagikia viatu. Kwa koko wangu, yaani bibi yangu mzaa mama, alifanya hivyo mbele ya wageni, na Koko alibaki amepiga goti na taulo begani. Nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mzee na preve zake zote hana adabu.

Undugu wa nyumba yetu ulikuwa hivi. Mama yangu alikufa vitani. Mimi na Koko tuliishi kwa Mjomba, ambaye hakuwa mwana wa Koko, na Mjomba ndiye aliyetutoa: alimpandisha Koko kwenye baiskeli akaisukuma usiku na mchana hadi ziwani, watoto wake wakitembea. Kambini alituandikisha kwenye faili lake. Koko akaandikwa kuwa shangazi yake wa damu, mimi mpwa wake, maana faili moja ni la ndugu wa damu tu. Faili hilo lilikuwa limefika mbali. Mahojiano ya kwenda kuishi ng'ambo yalikuwa mwezi uleule ninaotaka kuusimulia. Na Mjomba, kabla ya hapo, alikuwa amemwendea Prefe, maana Prefe aliwaandikia watu barua za ofisini, akamwomba aandike mstari mmoja kuhusu undugu wake na Koko.

Prefe alikataa. Nilikuwepo, nilisikia. "Ile haiko yenye ninajua. Andika mwenyewe."

"Prefe, ni mustari moja."

"Miye sikuandikaka bongo," akasema, yaani uongo. "Hata nusu ya mustari."

Mjomba aliandikiwa na mtu mwingine, na tangu siku hiyo hakumsalimia Prefe ila kanisani.

Halafu muhula wa tatu Madamu akaleta kazi ya mwisho: kila mwanafunzi, huku na kule, amwulize mtu mzee kuliko wote nyumbani kwake utumwa uliifanyia nini familia yao. Aandike ukurasa mmoja, na wachache watasoma mbele ya shule zote mbili na wazazi. Maksi kumi na saba za kuandika, tatu za kusoma.

Prefe alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alitembea mbele ya ubao, chaki ikavunjika mkononi. "Kule beko banatafuta kama babu yao aliuza batu. Akimupata, analia kidogo, wenzake banamupigia makofi, anarudia nyumbani kwake, na nyumba iko yake. Hapa mutoto akisema kitu, kesho dada yake anakosa bwana." Tulidhani ataifuta kazi. Hakuifuta. Alisema anayetaka aandike, asiyetaka aandike juu ya biashara ya chumvi.

Wenzangu wengi waliandika juu ya chumvi. Mimi, mkalimani, mwenye kuringa, nilikwenda kwa Koko.

Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwuliza kama swali la shule tu, kalamu imetulia mkononi, nikitegemea aseme hajui. Akaendelea kuchambua kwa muda. Kisha akasema, "Mudomo inaponzaka kichwa, Riziki. Lakini umeuliza, na miye ninazeeka." Akaniambia. Koko wake yeye alikuwa mtu wa kununuliwa. Msafara ulimwacha kando ya ziwa akiwa mtoto mgonjwa asiyeweza kutembea, na mtu wa pale akamchukua kwa kitambaa cha mikono miwili na chumvi kidogo. Akapona, akafanya kazi katika boma la mtu yule, akazaa humo, na watoto wake wakachukua jina la ukoo wa mwenye kununua. Ukoo wa Mjomba. Damu haikuwa yetu. Nyumbani kila mtu alijua na hakuna aliyesema, ila watu wakigombana, au mtu akitaka kuoa.

"Jina yake?" nikauliza, maana Prefe angeuliza.

"Balimuita Faida. Lakini miye aliniambiaka jina ya mama yake. Nabintu. Alikuwa ananisemea polepole, juu nisisahau."

Niliandika kila kitu, na majina yote. Sikufikiria faili. Leo nashangaa, lakini kweli sikulifikiria; nilifikiria kumi na tisa.

Ijumaa nilimpa Prefe. Alisoma amesimama. Alipomaliza alikunja ukurasa mara mbili, akautia mfuko wa ndani.

"Nani amesoma hii?"

"Hakuna, Prefe."

"Basi hakuna."

Lakini kosa nilikuwa nimeshalifanya. Hedimasta alikuwa amepita darasani asubuhi akiuliza nani atasoma na kichwa cha habari ni nini, na nilimpa. Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na wazazi wakaalikwa kwa karatasi ileile. Namba nne: Riziki, jinsi koko wa koko wangu alivyonunuliwa.

Mjomba hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, mikono katikati ya magoti.

"Mahojiano ni wiki ijayo," akasema. "Batakuuliza weye peke yako, na Koko peke yake, na miye peke yangu. Ukisoma ile kitu mbele ya batu, baliye na midomo batafika kule mbele yetu. Miye sitakufukuza. Faili njo itakufukuza. Weye na Koko."

Koko alikuwa mlangoni. Hakusema nimwonee huruma, wala hakusema nisisome. Sikulala.

Siku ya kusoma chumba kilijaa. Wazazi walisimama kando ya kuta, Mjomba alisimama nje dirishani, mikono yake juu ya vyuma. Kule ng'ambo msichana mmoja alisoma kwamba nyumba ya familia yake ilijengwa kwa fedha za meli ya watumwa. Akalia, na wenzake wakampigia makofi, kama Prefe alivyotabiri. Nilitafsiri. Upande wetu wa kwanza alisoma juu ya chumvi. Wa pili, chumvi. Wa tatu, Mrundi mmoja mcheshi, alisoma juu ya chumvi kwa namna iliyowachekesha wazee. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeamua kusema naumwa, kisha nikaamua kusoma, kisha nikaamua kusema naumwa.

Hedimasta akasoma orodha. "Namba nne, Riziki."

Nilisimama. Prefe naye akasimama, akanipita, akakaa mbele ya kompyuta kwenye kiti cha mkalimani. Akaingiza mkono ndani ya koti.

"Kuko kosa kwa orodha," akasema. "Ile ya namba ine ni yangu. Nilimupatia huyu mutoto anitafsirie. Riziki, simama hapa."

Akasoma. Ukurasa wangu. Neno kwa neno, ila majina. Kila penye jina alisema "ule mutoto". Alisoma kwa sauti ileile ya kuchosha anayosomea tarehe: koko wa koko yangu alinunuliwa, kwa kitambaa cha mikono miwili na chumvi. Damu ya ule ukoo haiko damu yangu. Jina ninalobeba ni la mwenye kununua. Na mimi kando yake nikawaambia watu wa ng'ambo kwa Kiingereza fasaha: bibi wa bibi yake. Yake. Kila sentensi nilitupa mzigo wangu mgongoni kwa mzee yule, na kila sentensi nilihisi nafuu. Ndiyo, nafuu. Nimejiahidi kusema ukweli hapa.

Mtu mmoja kati ya wazazi, mzee aliyewahi kumpeleka Prefe kusema mahari ya mwanawe, aliuliza kutoka ukutani, bila ukali, "Prefe, preve iko fasi gani?" Nadhani alitumaini ni mfano wa darasani tu.

"Preve ni miye," Prefe akasema, akaukunja ukurasa.

Madamu kule alikuwa amefunika mdomo. Wanafunzi wake walipiga makofi. Upande wetu hakuna aliyepiga. Nilipotazama dirishani Mjomba alikuwa ameshaondoka.

Mahojiano yalipita vizuri. Kila mmoja wetu alisema alichoambiwa aseme.

Prefe hakuitwa tena kusema mahari. Mtu wa kununuliwa atasimamaje kuomba binti wa watu? Hawakumtukana, walisahau tu kumwalika, harusi baada ya harusi, mpaka kusahau kukawa desturi. Kanisani benchi lake lilipata nafasi kubwa. Shuleni tulianza kumwita mununuliwa, chinichini, akigeuka ubaoni. Nasema tulianza kwa sababu nilikuwemo. Mara ya kwanza mmoja aliposema, darasa lilinitazama mimi kuona kama nitacheka, maana jina langu lilikuwa kwenye ile orodha. Nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Prefe alikuwa anaandika mwaka ubaoni. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea.

Muhula uliofuata hakurudi. Tulisikia yuko Bwizibwera, amepanga chumba nyuma ya kituo cha maziwa, anafundisha watoto wa wafanyabiashara Kifaransa. Madamu aliandika mara mbili akimwulizia, hedimasta akajibu kwamba mwalimu amehama, na ushirikiano ukaendelea mwaka mmoja zaidi na mwalimu mwingine, aliyetaka mwaka na akaupata. Koko alikufa kabla ya safari. Mjomba na nyumba yake walisafiri. Mimi nilikuwa nimeshavuka umri, nikabaki, nikaingia Mbarara kusomea ualimu. Somo la historia. Sikwenda Bwizibwera hata mara moja, na si mbali.

Nilimwona mwaka huu, kwenye kliniki ya macho Mbarara. Nilikuwa nimempeleka mama wa mchumba wangu, mama wa Nakivale kama sisi, mkali lakini mwenye kunipenda. Mahari yangu ilikuwa iletwe mwezi unaofuata na tayari nilimwita Mama. Alikuwa ameingia ndani kutiwa dawa. Kwenye benchi la korido alikaa mzee mwenye koti la kahawia, macho yamefunikwa na utando mweupe, mikono juu ya magoti. Nilitaka kupita. Miguu ilikuwa imeshapita, kwa kweli. Nikarudi.

"Prefe, shikamoo."

Aligeuza kichwa upande wa sauti. "Riziki. Uvira."

Nikakaa. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na macho. Akasema mtoto wa jicho, watamfanyia upasuaji, haiko kitu. Nikamwambia nasomea ualimu. Akauliza historia au nini, nikasema historia, akaguna. Kisha nikamwuliza kile nilichokuwa nikijiuliza tangu siku ile, kwa nini mtu asiyeandika hata nusu ya mstari wa uongo alisoma ukurasa mzima.



"Kwetu, kwa babu yangu, kulikuwa mama muzee," akasema. "Alikuwa anatunawisha mikono. Babu, wageni, na siye batoto, batoto badogo kabisa, anatupigia magoti. Hakukaaka chini siku moja na siye. Babu ya babu yangu alimununua. Alikufa wakati nilikuwa mukubwa tayari, niko nasoma, niko najua mwaka ya sheria zote. Sikuulizaka jina yake hata siku moja, Riziki. Miye wa preve."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa hadi kutoboka. Ilikuwa mwandiko wangu wa miaka ile, wa kuringa, wenye mikia, na juu yake kwa wino mwekundu, kumi na sita.

"Tatu ni ya kusoma," akasema. "Haukusoma."

Hapo ndipo Mama alipotoka, leso machoni. Alinishika bega, akaja kukaa, akamtazama mzee kwa jicho moja lenye machozi, akamtambua. Alivuta kitenge chake kutoka pale kilipogusa koti, akakikunja mapajani.

"Riziki, tusogee," akaninong'oneza, si chini vya kutosha. "Ule ni ule Prefe wa banunuliwa."

Korido ilikuwa na watu wa Nakivale wasiopungua sita. Prefe alitazama mbele kwa macho yake yasiyoona, kama hakusikia, kama siku ile ubaoni. Niliijua familia ninakokwenda kuolewa. Nilijua Mama angeweza kusimama, akaenda kituo cha basi bila mimi, na jioni hiyohiyo Nakivale nzima ingejua. Niliogopa kuliko siku ya dirisha la Mjomba, kwa kuwa safari hii hakukuwa na mtu wa kusimama mbele yangu.

"Mama," nikasema, "ile koko ya kununuliwa haikukuwa yake. Ilikuwa yangu. Ni miye niliandika."

Alinitazama. Sikungoja aseme. Nikafungua karatasi.

"Anza na jina," Prefe akasema, kwa ukali uleule.

Nikasoma. Nilianza na Faida, jina walilompa, nikasema mama yake alikuwa Nabintu, nikasoma kitambaa na chumvi, nikasoma ukoo usio wangu, nikamtaja Koko kwa jina lake lote, na mwisho nikasoma jina langu. Nilisoma kwa sauti, maana kusoma kwa kunong'ona hakuna maksi. Mzee mmoja mwenye bandeji aligeuka ukutani. Nesi alitoka kuita namba, akasimama mlangoni hadi nilipomaliza.

Mama alikuwa bado amekaa, kitenge mapajani. Alisema tu, "Mahari ni mwezi ujao, na unanieleza leo, hapa." Hakusimama. Hakunishika bega tena pia, na mpaka naandika haya hajaniambia neno jingine juu yake.

Prefe alikuwa ameshatoa kalamu nyekundu.

"Nionyeshe fasi," akasema.

Nikamshika mkono, nikauweka kwenye ile kumi na sita. Akaikata kwa mstari uliopinda, akaandika kando yake, kubwa, tarakimu moja juu ya nyingine, kumi na tisa.